Kwa Nini Magnoac Ina Dupont na Manda Haina

Usiku wa Septemba 21, 2023, uwanjani Marseille, nahodha wa Namibia Johan Deysel alimkabili mwenzake wa Ufaransa, Antoine Dupont, wakagongana vichwa, na mfupa wa shavu la Dupont ukavunjika. Wakati huo Ufaransa ilikuwa inaongoza 54-0. Mechi ilikwisha 96-0, Deysel akiwa ameshatolewa kwa kadi nyekundu, lakini Wafaransa hawakulala wakishangilia ushindi. Walilala wakiuliza habari za shavu. Nchi nzima ilikuwa imeweka tumaini lake la Kombe la Dunia la raga juu ya kijana mmoja wa kimo cha kawaida, na kijana huyo alikuwa hospitali.

Namibia ilifikaje Marseille? Miezi kumi na minne kabla, Julai 2022, fainali ya Kombe la Afrika ilichezwa Aix-en-Provence, jirani kabisa na Marseille. Namibia iliifunga Kenya 36-0 na kuchukua nafasi ya Afrika iliyokuwa ikigombewa. Michezo haijumlishwi kama bei za dukani, wala mtu hawezi kuongeza 36 juu ya 96 akasema ndiyo tofauti ya Kenya na Ufaransa. Hata hivyo ngazi inaonekana. Ufaransa iko juu, Namibia iko mbali sana chini yake, Kenya iko chini ya Namibia. Na ndani ya Kenya kuna ngazi nyingine, isiyotajwa na watangazaji, ambayo kidato chake cha mwisho kimezama majini kule Lamu.

Nazungumzia kisiwa cha Manda. Anayesafiri Lamu kwa ndege hushukia hapo, akavuka kwa boti, na mara nyingi hayo ndiyo yote anayoyajua. Upande wa bahari kuna hoteli za kitalii na majumba ya wenye nacho. Kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, wenyewe wakavukia Shela, kisiwani Lamu. Kuna mji wa kale zaidi, Manda yenyewe, ambao Neville Chittick aliufukua na kukuta biashara ya karne ya 9. Na kuna Maweni, kijiji cha wachonga mawe, ambako yanatoka matofali ya matumbawe yanayojengewa nyumba za Lamu. Wakazi wengi wa Maweni si Waamu. Ni Wajaluo, wao au wazazi wao, waliotoka Nyanza kufuata kazi ya mawe na hawakurudi. Maji ya kunywa ni shida ya kudumu kisiwani. Watu hutegemea jabia la mvua au madumu yanayovushwa kwa boti.

Jambo hilo la Maweni ndilo lililonifanya niandike. Ukisoma orodha ya kikosi cha Kenya mwaka wowote tangu 2000, utakutana na Odhiambo, Amonde, Ouma, Oyoo, Ojwang'. Majina hayohayo yako Maweni. Damu ni moja, asili ni moja, pengine hata ukoo ni mmoja. Mmoja akikulia Kisumu au Nairobi anaweza kuvaa jezi ya taifa. Mwenzake akikulia Manda, jezi hiyo ataiona kwenye simu ya mtu. Basi tunapouliza mchezaji wa raga wa kimataifa hutoka wapi, kisiwa hiki kinatusaidia kufuta majibu ya uongo mapema.

Jibu la uongo la kwanza ni mwili. Watu husema raga ni mchezo wa majitu, na Wapwani ni wembamba. Dupont ana urefu wa mita 1.74. Kazini kwake, nyuma ya wasukumanaji, hakuhitajiki jitu. Kunahitajika jicho, mkono usiotetemeka na miguu inayoanza mbio kabla ya wengine kuamka. Na ikiwa ni nguvu tu inayotafutwa, kijana anayepiga nyundo na patasi jiweni tangu alfajiri, kisha akabeba matofali hadi mashuani, hana cha kujifunza kuhusu nguvu. Ana cha kujifunza kuhusu chakula. Mchezaji wa kulipwa hula nyama, mayai na maziwa kwa ratiba ya daktari, hulala mchana, hukandwa misuli. Mchonga mawe hula anachokipata na kurudi kazini. Mwili wake unatumika; haujengwi. Tofauti hiyo ni ya uchumi, wala haihusiani na maumbile ya kabila lolote.

Sasa tumtazame Dupont mwenyewe, maana maisha yake ya mchezo yanaeleza mengi kuliko takwimu za shirikisho. Alizaliwa Novemba 15, 1996, akakulia Castelnau-Magnoac, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees. Kijiji hicho hakifikishi watu elfu moja. Familia yake ilikuwa na hoteli ndogo na mgahawa, kazi ambayo nusu ya Shela na Manda wangeielewa bila maelezo. Lakini kijiji hicho cha watu wasiofika elfu kina klabu ya raga, na klabu ina uwanja, na uwanja una nyasi, na kila wiki kuna mtu mzima anayejitolea kufundisha watoto. Dupont alianza hapo akiwa mdogo sana. Alipokuwa kijana alikwenda Auch, mji usiozidi mwendo wa saa moja kwa gari. Kutoka Auch akaenda Castres mwaka 2014, na 2017 akajiunga na Stade Toulousain ya Toulouse. Machi mwaka huohuo aliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Italia mjini Roma.

Chukua ramani uzungushe mstari. Magnoac, Auch, Castres, Toulouse: safari nzima ya kumtoa mtoto kijijini hadi timu ya taifa ilifanyika ndani ya eneo ambalo gari linaweza kulivuka kwa saa tatu hivi. Hakulazimika kuhama nchi wala kubahatisha bweni. Hakuhitaji mfadhili aliyemwona kwa bahati. Kila daraja lilikuwa karibu na lililotangulia, na kila Jumamosi kulikuwa na mechi. Yaliyofuata yanajulikana: mchezaji bora wa dunia 2021, unahodha wa timu iliyoshinda mechi zote tano za Mataifa Sita mwaka 2022, mataji ya ligi na ya Ulaya akiwa na Toulouse. Halafu mwaka 2024 akaacha Mataifa Sita ili ajifunze raga ya wachezaji saba, na Julai 27 akavaa medali ya dhahabu ya Olimpiki jijini Paris baada ya Ufaransa kuichapa Fiji 28-7.

Ufaransa ina karibu klabu 2,000 za raga. Nyingi ni za vijiji na miji midogo, na viwanja vingi ni mali ya halmashauri za mitaa. Juu yake kuna ligi ya kulipwa ambayo kila klabu yake inaruhusiwa kutumia hadi takriban euro milioni 10.7 kwa mishahara ya msimu, yaani zaidi ya shilingi bilioni 1.5 za Kenya. Tusidanganyike kwamba huko ni peponi. Klabu ya Auch iliyomlea Dupont ilifilisika 2017, mwaka uleule alipoingia timu ya taifa, ikabidi ianzishwe upya kwa jina jingine. Lakini ilipokufa, mji ulibaki na uwanja, na watu wanaojua mchezo walikuwepo wa kuanza tena. Manda isingekuwa na cha kuanzia.

Mtu atasema Dupont ni mtoto wa kwao, mfano wake haumfai Mwafrika. Basi amtazame Yannick Nyanga. Huyu alizaliwa Kinshasa Desemba 19, 1983, akakulia Agde, mji wa bahari ulio kwenye mdomo wa mto Hérault, mji wa wavuvi na watalii. Alianzia raga palepale Agde, akahamia Béziers iliyo jirani, na mwaka 2004 akaichezea Ufaransa akiwa bado hajatimiza miaka 21. Kisha Toulouse, ubingwa wa Ulaya 2010, majeraha, na miaka mitano ya kusahauliwa na makocha wa taifa. Aliporudishwa Novemba 2012 dhidi ya Australia, kamera zilimkuta akilia kwikwi wakati wimbo wa taifa unapigwa. Alimaliza na mechi 46 za kimataifa. Juni 2016 alikuwa na Racing 92 ilipochukua ubingwa wa Ufaransa kwenye uwanja wa Camp Nou mjini Barcelona, mbele ya watu 99,124. Kilichombadilisha mtoto wa Kinshasa kuwa mchezaji wa Ufaransa hakikuwa ndani ya damu yake. Angebaki Kinshasa, mji wenye mamilioni ya watu na raga kidogo mno, kipaji kilekile kingeishia mpira wa miguu au popote pale.

Kenya nayo ina njia yake, na ni njia yenye historia ya pekee. Raga ililetwa na walowezi wa nyanda za juu. Klabu ya Nondescripts ilianza 1923. Shule za Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana, ziliucheza kama sehemu ya kulea watoto wa watawala. Waafrika walipoingia, waliingia kupitia shule hizohizo na nyingine za bweni zilizoiga, Kakamega, Maseno na wenzao, kisha kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi na klabu kama Mwamba, iliyoundwa 1977 ili wachezaji Waafrika wapate kwao. Kwa hiyo Kenya haikujenga raga kijijini. Iliijenga bwenini. Asiyeitwa na shule ya bweni yenye uwanja wa raga, hata akiwa na kasi ya paa, hana mlango.

Baadaye yaliongezeka makampuni. Benki ya KCB na kiwanda cha sukari cha Kabras, kule kaunti ya Kakamega, ndio waliotawala ligi ya Kenya kwa miaka kumi iliyopita. Mchezaji anapewa kazi au posho, anapata mahali pa kufanyia mazoezi, na kampuni inapata jina. Si mfumo mbaya kwa nchi isiyo na fedha za televisheni, ila unaufunga mchezo pale kampuni ilipo. Palipo na miwa kuna timu. Palipo na mikoko na pweza, hakuna anayeweka sahihi.

Matunda ya njia hiyo tumeyaona, tena makubwa. Aprili 17, 2016, mjini Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30-7 na kushinda taji lake la kwanza la mfululizo wa dunia wa raga ya saba. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, aliyefariki Mei 2021 kwa malaria iliyopanda kichwani. Collins Injera, mtoto wa Mwamba, alifunga trai mbili siku ile, na mwezi uliofuata mjini London akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya mfululizo huo. Alimaliza na 279. Mwingereza Dan Norton alimpita 2017, lakini takwimu hiyo bado inatisha. Kwa raga ya saba peke yake, Dupont na medali yake ya dhahabu hafiki hata kwenye kivuli cha Injera, na sioni haya kusema hivyo mbele ya Mfaransa yeyote. Tofauti iko kwingine. Dupont aliingia kwenye raga ya saba kama mtu anayekwenda likizo ya kazi, mshahara wake Toulouse ukimngoja. Injera na wenzake waliishi kwa mikataba ya msimu na posho zilizokuwa zikichelewa.

Jambo hilo lilifika kilele Juni 2018, tena jijini Paris. Wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameziba nembo ya mdhamini kwenye jezi zao kwa sababu hawakuwa wamelipwa walichoahidiwa. Nyumbani walilaumiwa kwa kuaibisha nchi. Mimi nadhani aibu ilikuwa ya waliowafikisha hapo. Mtu anapozungumzia maisha ya mchezaji wa kimataifa kama ndoto ya kumwonyesha mtoto wa Maweni, na akumbuke picha ile pia. Miaka mitano baadaye, Mei 2023, Shujaa, yaani timu ya Kenya ya raga ya saba, walishushwa daraja mjini London baada ya kufungwa na Canada. Walirudi Juni 2024 kupitia Madrid na wakamaliza wa tisa kwenye Olimpiki ya Paris, nafasi ileile waliyoipata Tokyo.

Kwenye raga ya wachezaji kumi na watano, hali ni ngumu zaidi, na sababu ni ya wazi. Raga ya saba inaweza kuchezwa na nchi yenye vijana kumi na wawili wenye kasi na kocha mmoja mwenye akili. Mechi ni dakika kumi na nne. Ya kumi na tano inataka ligi, madaktari, wasukumaji wa mbele walioiva kwa miaka, na mechi ngumu kila wiki. Kenya iliwahi kulikaribia Kombe la Dunia mjini Antananarivo, mwaka 2014. Iliifunga Namibia 29-22, ikaifunga Madagascar, ikabaki na Zimbabwe tu kati yake na Kombe la Dunia la 2015. Ikafungwa 28-10, na Namibia ikapita. Tangu hapo imejaribu Marseille 2018, ikafungwa na Canada, Ujerumani na Hong Kong. Ikajaribu Aix, halafu Dubai mwaka 2022, ambako Ureno iliwafunga 85-0. Timu hiyo haikukosa moyo. Ilikosa zile Jumamosi mia mbili ambazo Magnoac inampa kila mtoto kabla hajafikisha umri wa kunyoa ndevu.

Kuna wanaosema tatizo la Manda ni kuwa kisiwa. Fiji ni visiwa mamia, watu hawafiki milioni moja, na baadhi yao wako kwenye visiwa vilivyo mbali na mji mkuu. Fiji ilichukua dhahabu ya raga ya saba Rio 2016 na Tokyo, na Agosti 2023 ikaifunga Uingereza 30-22 Twickenham, kwa raga ya kumi na tano. Huko mchezo ulipitia polisi, jeshi na shule za misheni, lakini ukashuka vijijini na vijiji vikaukubali kuwa wao. Uwanja wa kijiji ukawa wa raga kama vile uwanja wa kijiji cha Kenya ulivyo wa soka. Ufaransa inalijua hilo vizuri, ndiyo maana klabu zake zinavua Fiji kila mwaka. Virimi Vakatawa, aliyelelewa Fiji, aliichezea Ufaransa kuanzia 2016. Bahari haikuwazuia Wafiji. Huku kwetu, mkoloni aliyekaa Lamu alikuwa na afisi, forodha na jela. Shule ya kuurithisha mchezo huo hakuiacha. Tofauti ya Fiji na Manda ni hiyo zaidi ya maji.

Pwani si jangwa kabisa. Mombasa ina klabu yake kwenye Mombasa Sports Club, na hapo ndipo huchezwa Driftwood, mashindano ya raga ya saba yanayoleta timu zote kubwa za nchi. Diani kuna South Coast Pirates. Lakini tazama ramani ya raga ya Pwani: inafuata hoteli na wageni wa zamani kusini, kisha inakatika. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kisha boti. Barabara hiyo kwa miaka mingi ilisafiriwa kwa msafara wa polisi. Oktoba 2011 majambazi walimteka mwanamke Mfaransa nyumbani kwake Manda wakampeleka Somalia, akafia huko, watalii wakapungua. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, mji wa kaunti hiyohiyo ya Lamu, Juni 2014, kukawa na amri ya kutotoka usiku. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay, ng'ambo ya pili bara, ikashambuliwa. Kocha gani wa Nairobi angempeleka mtoto wa mtu huko kwa mechi ya kirafiki? Na timu ya shule ya Lamu ingefika Mombasa lini, irudi lini, kwa nauli ya nani?

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wa michezo hulikwepa kwa adabu: pombe. Klabu ya raga ya Kenya, tangu walowezi, ni uwanja na baa. Kampuni za bia zimedhamini mashindano, na kwa mashabiki wengi mashindano ya raga ya saba ya Safari Sevens ni karamu kwanza, mechi baadaye. Ufaransa nako baada ya mechi kuna meza ya vinywaji ambayo ni mila. Mzazi wa Lamu, awe wa Langoni au Shela, akisikia raga, anasikia hilo. Na saa za mazoezi, alasiri na Jumamosi, ni saa za madrasa. Siwalaumu. Lakini mlango huo haujafungwa na dini. Umefungwa na desturi za klabu. Abdelatif Benazzi, Mwislamu mzaliwa wa Oujda, Morocco, aliichezea Ufaransa mechi 78 na alikuwa nahodha wake iliposhinda mechi zote za Mataifa Matano mwaka 1997. Sonny Bill Williams wa New Zealand, bingwa wa dunia 2011 na 2015, alisilimu akiwa Ufaransa, wakati anachezea Toulon. Dini yao haikuwazuia kucheza katika kiwango cha juu kabisa. Klabu itakayotaka vijana wa Lamu haitakuwa na budi kuhamisha mikutano yake kutoka kaunta.

Tena Lamu haikosi mabingwa wake. Siku ya mashindano ya majahazi mfereji kati ya Lamu na Manda hujaa, na nahodha aliyeshinda hutambuliwa mitaani mwaka mzima. Kuna wapanda punda, kuna wapiga mbizi, kuna bao. Mpira wa miguu unachezwa popote penye nafasi tambarare. Ni haki kumwuliza anayetaka kuleta raga: kwa nini hasa? Jibu langu ni kwamba jahazi linamlipa heshima bingwa wake lakini halimsomeshi, na raga, katika Kenya ya leo, imekuwa njia ya karo na ajira kwa vijana wengi kuliko wale wachache tunaowaona kwenye televisheni. Ukishachezea KCB unaweza kupata kazi benki. Ukiwa na kasi, vyuo vikuu vinakutafuta. Kwa hesabu hiyo, jezi ya taifa ni ziada.

Kwa sababu jezi yenyewe haidumu. Vakatawa alizuiwa na madaktari kucheza Ufaransa mwaka 2022 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 30. Goti la Dupont lilikatika kano Machi 2025 mjini Dublin, na hadi mwisho wa Novemba hakucheza. Humphrey Kayange, kaka yake Injera, alisoma kemia na leo ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dennis Ombachi, aliyekimbia na Shujaa, sasa ni mpishi anayetazamwa na mamilioni mtandaoni, na amezungumza hadharani kuhusu maradhi ya akili yaliyomwandama. Waliofanikiwa baada ya raga ni wale waliokuwa na kitu mkononi kabla haijaisha.

Nani basi angeanza? Nikiangalia jinsi Kakamega ilivyojengwa na sukari, macho yangu yanaangukia bandari. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 20, 2021, kule Kililana, likitazama ghuba ya Manda. Mamlaka ya Bandari ina timu ya soka ya Bandari FC Mombasa na timu za mpira wa vikapu zinazochukua mataji. Kulisha timu inakujua. Lamu tu ndiyo haijaombewa. Lakini kampuni huchukua vijana waliokwisha kuiva, na kuiva huanzia shuleni, ndiyo maana ninaogopa zaidi kinachotokea darasani.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza serikali imesema mchezo ni somo la kumfikisha mtoto kazini. Shule inayotaka kuufundisha lazima iwe na walimu wake na viwanja vyake, na walimu hao wanakwenda kwanza zilipo shule kubwa za kitaifa, zilezile zilizorithi uwanja wa mlowezi. Mtoto wa Maweni anayemaliza sekondari ya chini atachagua mkondo kwenye tovuti ya wizara, kama mwenzake wa Kakamega. Kisha ataangalia ni shule ipi ng'ambo ya maji inayoufundisha, boti ni shilingi ngapi kwa siku, na kama bweni lina nafasi. Kaunti ya Lamu ikipeleka mwalimu mmoja wa michezo Mokowe au Hindi, upande wa bara, kabla ya kumwaga saruji ya jukwaa la uwanja, mtoto huyo atakuwa na mtu wa kumuuliza raga inachezwaje.